Timon Hajawahi Kuwa Mkenya, na "Hakuna Matata" Yake Si Ahadi

Naomba niwaharibie utoto kidogo. Timon, yule jamaa mwembamba wa Lion King anayesimama kwa miguu miwili na kuimba hakuna matata, si Mkenya. Si Mtanzania pia. Ni kweli watengenezaji wa filamu ya Disney walikuja hapa kwetu, wakazunguka Hell's Gate pale Naivasha wakitazama miamba na mwanga. Filamu ilipotoka mwaka 1994 ilikuwa imejaa majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Lakini mnyama aliyechorwa kama Timon haishi Naivasha, haishi Mara, haishi Tsavo. Ukitaka kumwona porini itabidi ufunge safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kuelekea kusini, hadi nyika kavu za Botswana, Namibia, Afrika Kusini na kipande cha kusini magharibi mwa Angola.

Anaitwa mirikati. Ni wa ukoo wa nguchiro, mdogo kuliko paka, na mara nyingi uzani wake haufiki kilo moja. Ana madoa meusi kuzunguka macho, ukadhani amevaa miwani ya jua. Anaishi na mbogi yake kwenye mashimo, na asubuhi wote wanatoka nje na kusimama wima, tumbo likielekea jua, wakiota joto kabla ya kwenda kuchimba wadudu.

Sasa mtu ataniuliza, buda, kwani sisi hatuna wanyama wetu wa kuandika? Tunao, na nitafika kwao. Ila huyu ana kitu cha kutufundisha kuhusu neno moja ambalo huwa tunalisoma haraka na kupita.

Neno lenyewe liko kwenye Orodha Nyekundu. Hii ni orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1948. Orodha yenyewe ilianza 1964, na kazi yake ni kusema kila kiumbe kiko wapi kwenye ngazi: kuna walio hatarini, walio hatarini sana, waliotoweka kabisa. Chini kabisa kwenye ngazi hiyo kuna wale ambao wasiwasi juu yao ni mdogo. Mirikati yuko hapo. Wasiwasi mdogo. Hakuna matata, kama alivyoimba.

Sitaki kubishana na lebo hiyo. Ni ya kweli. Mirikati wameenea eneo kubwa, wengine wanaishi ndani ya hifadhi, na hakuna tishio moja kubwa linalowamaliza kwa sasa. Shida yangu ni jinsi tunavyoisoma. Wengi wetu tukiona "wasiwasi mdogo" tunaelewa "huyu yuko salama milele, twende kwa mwingine." Ukifuata historia ya huyu mnyama utaona kwamba usalama wake haukutokana na wema wetu. Sehemu kubwa ilikuwa bahati, na bahati huwa haina mkataba.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1765, Mfaransa mmoja maarufu kwa vitabu vyake vya wanyama, Buffon, aliandika kuhusu mnyama huyu na kumwita surikate. Akasema anatoka Surinam. Surinam, wasee, iko Amerika Kusini! Mnyama alikuwa amefika Ulaya kupitia Waholanzi, na Waholanzi walikuwa na koloni kule Surinam na koloni nyingine pale Cape, kwa hivyo anwani zikachanganyika. Miaka 11 baadaye, 1776, Mjerumani Schreber akampa jina la kisayansi ambalo bado linatumika, suricatta. Hata hili jina mirikati nalo ni la kuazimwa. Limetoka kwa neno la Kiholanzi ambalo hadi leo kule Uholanzi linamaanisha tumbili. Waholanzi wenyewe wakimtaka mnyama huyu wanatumia neno lingine kabisa, linalomaanisha kitu kama "mkia kijiti."

Kwa hivyo tangu siku ya kwanza alipoingia vitabuni, alikuwa na jina la mwingine na nyumbani kwa wengine. Hiyo tabia haikuisha. Ishikilie hapo, tutairudia.

Huku kwao, karne ya 19 ilikuwa noma kwa wanyama. Kwenye nyika za Karoo, ambako mirikati wanaishi, kulikuwa pia na mnyama aliyeitwa kwaga. Alikuwa pundamilia aliyeishiwa na wino njiani: milia kichwani na shingoni, kisha mwili wa nyuma kahawia tu. Wanasayansi siku hizi wanamhesabu kama ndugu wa karibu wa hawa pundamilia wetu wa kawaida, hawa unaowaona Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Walowezi waliwaona kwaga kama washindani wa malisho ya kondoo na ng'ombe wao. Wakawapiga risasi kwa wingi, nyama wakawapa wafanyakazi, ngozi wakazifanyia magunia na viatu. Kwaga wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Siku hiyo hakuna aliyejua kwamba alikuwa wa mwisho.

Jiulize: kama Orodha Nyekundu ingekuwepo mwaka 1800, kwaga angeandikiwa nini? Makundi makubwa, eneo kubwa, kila msafiri anawaona. Nadhani ungepata lebo ileile ya mirikati.

Mbona kwaga akaisha na mirikati akabaki, na walishiriki nyika moja? Sababu si ngumu. Mirikati ni mdogo, nyama yake haishibishi mtu, ngozi yake haitoshi hata kiatu kimoja. Hali majani, kwa hivyo hakugombana na kondoo. Anazaa haraka, mvua ikiwa nzuri, jike anaweza kubeba mimba zaidi ya mara moja kwa mwaka. Na sehemu kubwa ya makao yake ni kame sana, mahali ambapo kulima ni kama kumwaga mbegu barabarani. Hakuna mtu aliyekaa chini akaamua kumwokoa. Hakuwa na faida ya kutosha kuuawa, basi.

Hata hivyo siku yake ilifika. Mwaka 1928 kichaa cha mbwa kilithibitishwa na maabara kule Afrika Kusini, na mbebaji mkuu akatambuliwa kuwa nguchiro wa manjano, binamu yake mirikati. Serikali ikaingia vitani. Kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita, mashimo yalipulizwa gesi ya sumu mashambani ili kuua nguchiro walio ndani. Sasa shida ni hii: kule mashimo ni kama ploti ya kupanga. Nguchiro wa manjano, mirikati na kindi wa ardhini wanaweza kuishi kwenye mfumo mmoja wa mashimo. Gesi haigongi mlango kuuliza nani ni nani. Wengi walikufa kwa ugonjwa ambao hawakuwa wabebaji wake wakuu. Na baada ya nguvu yote hiyo, kichaa cha mbwa hakikuisha. Nguchiro wengine walihamia kwenye mashimo yaliyoachwa wazi, na ugonjwa ukaendelea.

Mirikati walivumilia kwa sababu walikuwa na mahali pengine ambapo gesi haikufika: ndani kabisa ya Kalahari. Mwaka 1931 sehemu ya huko ikafanywa hifadhi upande wa Afrika Kusini, hasa kwa ajili ya choroa waliokuwa wakiwindwa ovyo. Mirikati hawakuwa kwenye mpango, walifaidika tu kwa kuwa jirani. Baadaye hifadhi hiyo iliunganishwa na ya Botswana, na tangu mwaka 2000 ni hifadhi moja inayovuka mpaka, yenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 38,000.

Lakini tusiseme hiyo ardhi "haikuwa na mtu." Wakhomani San waliishi pale na walijua kila shimo na kila mmea wenye maji. Hifadhi ilipoanzishwa, waliendelea kusukumwa nje hadi jamii ikatawanyika. Walirudishiwa sehemu ya haki yao ya ardhi mwaka 1999, baada ya ubaguzi wa rangi kuisha. Mkenya yeyote aliyefuatilia stori za watu kuhamishwa kwa ajili ya mbuga au msitu anaijua hii sinema. Naitaja kwa sababu ukisoma kwamba mnyama fulani "analindwa ndani ya hifadhi," kuna watu walilipa hiyo bei, na mara nyingi majina yao hayako kwenye ripoti.

Sasa tufike 1993. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Tim Clutton-Brock, alianzisha mradi wa kufuatilia mirikati karibu na mto mkavu wa Kuruman, Kalahari ya kusini. Mradi huo bado unaendelea. Wanyama walizoeshwa watu polepole hadi wakakubali kupanda kwenye mizani kwa kuhongwa vipande vya yai. Kila mmoja ana alama yake, na maisha yake yanaandikwa tangu anapotoka shimoni mara ya kwanza hadi anapokufa au kupotea. Wanyama wachache sana wa porini wana faili kama hiyo. Sisi wengine hata kadi ya kliniki ya utotoni hatujui iko wapi.

Na mambo yaliyotoka kwenye hizo faili ni moto. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mirikati wanafundisha watoto wao darasa halisi. Mtoto mdogo analetewa nge aliyekufa. Akikua kidogo analetewa nge aliye hai lakini amenyofolewa mwiba. Akikomaa, anapewa nge mzima apambane naye. Mtaala kabisa, na hakuna aliyeubadilisha katikati ya muhula.

Upande wa pili, usiwaone watakatifu. Kwenye kundi, jike mmoja ndiye mwenye boma. Majike wengine wakithubutu kuzaa, anaweza kuwaulia watoto au kuwafukuza kundini. Utafiti wa mwaka 2016 uliolinganisha mamalia zaidi ya 1,000 uliwaweka mirikati juu kabisa: karibu mmoja kati ya kila watano hufa kwa kuuawa na mirikati mwenzake. Timon, manze, kumbe ulikuwa unatuficha mengi.

Kutoka kwa mradi huohuo, mwaka 2005 televisheni ikatengeneza kipindi kilichofuata familia moja kama sinema ya mapenzi na vita. Jike mkuu aliitwa Flower. Alipokufa 2007 kwa kuumwa na nyoka, watu wa nchi za mbali walilia kama wamefiwa na shangazi. Hapo mirikati akawa staa wa dunia.

Na ustaa ukarudisha ile tabia ya zamani ya kumhamisha kwao. Mwaka 2009 kampuni moja ya Uingereza ya kulinganisha bei za bima ilitoa tangazo lenye mirikati tajiri anayeongea kwa lafudhi ya Kirusi. Sababu? Jina lake kwa Kiingereza linafanana kidogo na neno la soko. Ni hivyo tu. Mwanasesere wake akawa dili kubwa. Ukihesabu sasa: Buffon alimpeleka Surinam, Disney akamleta kwetu, Waingereza wakampa pasipoti ya Urusi. Watu milioni wangeweza kumtambua kwenye picha, na wachache sana wangeonyesha Kalahari kwenye ramani.

Unaweza kusema haya ni matani tu, hakuna aliyeumia. Waliumia. Kule Uingereza watu wakaanza kutaka mirikati wa kufuga nyumbani, na mashirika ya kutetea wanyama yakaanza kutoa onyo. Huyu ni mnyama wa kundi, anayechimba mchana kutwa, anayeweka alama za harufu kila kona na ana meno ya kuvunja nge. Ukimfungia peke yake kwenye sebule, ataichimba zulia na kuuma wageni, kisha atatafutiwa mahali pa kutupwa. Seoul nako kulikuwa na mikahawa ambako unalipa, unakunywa kahawa, na mirikati wanakupanda mapajani upige selfie. Zile video tunazo-like hapa usiku wa manane, nyingi zimetoka sehemu kama hizo. Nikiona moja siku hizi huwa najiuliza kundi lake liko wapi.

Kwa haki, lazima niseme hili: wengi wa wale wanaofugwa Ulaya wamezaliwa huko huko, kwa hivyo biashara hiyo haiwamalizi walio porini. Tishio la porini ni kimya zaidi, na ni faili za Kuruman zilizoanza kulionyesha.

Ni joto. Kalahari ya kusini imezidi kuwa moto katika miaka ya utafiti huo. Mirikati anakula kwa kuchimba juani mchana. Jua likizidi, inabidi arudi kivulini au shimoni, na kila saa ya kivulini ni saa ya njaa. Watafiti wameona kwamba kwenye vipindi vya joto kali na ukame, watoto wanaongeza uzani kidogo na wachache wanafika utu uzima. Halafu kuna kifua kikuu. Mirikati wana aina yao wenyewe, inayosababishwa na bakteria aliyetambulishwa rasmi 2013. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba joto kali linazidisha makali ya ugonjwa huo, kwa sababu madume wanahamahama zaidi na kuubeba kutoka kundi hadi kundi. Kundi likipigwa linaweza kusambaratika kabisa. Hakuna bunduki hapo, hakuna gesi, hakuna mtu wa kumkamata. Na lebo bado inasoma wasiwasi mdogo, kwa sababu lebo inapima hali ya spishi nzima, na spishi nzima bado iko sawa.

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi.

Kuna ndege tunayemdharau sana Kenya: tumbusi. Kuna tumbusi wa mgongo mweupe aliyekuwa wa kawaida kabisa, ukiona mzoga unamwona yeye. Mwaka 2004 lebo yake kwenye Orodha Nyekundu ilikuwa ileile ya mirikati, wasiwasi mdogo. Mwaka 2007 akapandishwa ngazi moja. Mwaka 2012 akatajwa kuwa hatarini. Mwaka 2015 akawekwa kwenye ngazi ya walio hatarini zaidi ya wote, ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Kutoka hakuna matata hadi kwenye ukingo, miaka 11. Sababu moja kubwa tunaijua: simba au fisi anakula ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira anatia sumu kwenye mzoga, na tumbusi kwa makumi wanashuka kula. Ni stori ya gesi ya mashimoni tena. Sumu inatumwa kwa mmoja, inawapata majirani.

Ndiyo maana sikubali tukisoma lebo kama cheti cha kumaliza shule. Ni kama kipimo cha presha: kinakuambia leo uko aje. Kinachokuambia utakuwa aje mwaka ujao ni vile unavyoishi, na kama kuna mtu anaendelea kupima. Mirikati amebahatika kuwa na watu wanaompima kila siku tangu 1993. Viumbe wengi wa kawaida hawana mtu.

Na kama unamtaka Timon wa Kenya, yupo. Unapopita Taru kwenye basi la Mombasa, umelala mdomo wazi, nje kuna nguchiro kibete wanaolala kwenye vichuguu. Mtafiti Anne Rasa alikaa huko akiwafuatilia na mwaka 1983 akaandika jambo tamu sana: hondohondo hutangulia asubuhi na kusubiri kwenye kichuguu hadi nguchiro waamke, kisha wanatembea pamoja. Nguchiro wanawafurusha panzi, ndege wanakula, na mwewe akitokea ndege wanapiga kelele, wote wanakimbia. Wakichelewa kuamka, ndege wanawaamsha. Hiyo ni filamu nzima, iko kando ya barabara yetu, na hakuna aliyetuimbia wimbo wake. Lebo yao? Wasiwasi mdogo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Wiki hii ukiongea na nyanya yako, babu, au mzee yeyote wa kwenu, muulize ni mnyama au ndege gani alikuwa kila mahali akiwa mtoto na sasa hamwoni. Usiulize kuhusu ndovu na simba, hao wana watu wa kuwasemea. Uliza kuhusu wale wa kawaida. Kisha niandikie hapa chini jina lake, kwa lugha yenu kama hujui la Kiswahili, na mahali alipoonekana. Nitasoma yote.